Ilani ya Ukubwa wa Viti Viwili

Kama chama chako kimekuweka kwenye kamati ya kuandaa ilani ya uchaguzi wa 2029, kazi yako isianzie kwenye kompyuta. Panda kwanza Rebero, kule Kicukiro, siku ya kawaida isiyo na hafla. Pale wamezikwa wanasiasa waliouawa mwaka 1994 katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na kila tarehe 13 Aprili vyama hukutana hapo kuwakumbuka. Soma majina polepole. Frédéric Nzamurambaho alikuwa mwenyekiti wa PSD. Landoald Ndasingwa na Venantie Kabageni walikuwa wa PL. Faustin Rucogoza alikuwa wa MDR, na alipokuwa waziri wa habari aliionya redio ya RTLM juu ya matangazo yake ya chuki.

Ukishuka, pitia Nyamirambo, kwenye uwanja ambao tangu 2023 unaitwa Kigali Pelé. Hapo, tarehe 23 Oktoba 1993, Froduald Karamira, mmoja wa viongozi wa juu wa MDR, alisimama mbele ya umati akapaza ule mwito wa "Hutu Power". Rucogoza na Karamira walikuwa watu wa chama kimoja, chini ya bendera moja. Chama kilipotikiswa, kila mmoja akaenda upande wake, na mwanachama wa kawaida huko kijijini akabaki anamtazama yule mwenye sauti kubwa zaidi. Alikuwa na maandishi gani mkononi ya kumwambia kiongozi wake kwamba hapa umevuka mpaka, hapa si chama tena?

Ndiyo maana naomba ukurasa wa kwanza wa ilani yako uwe wa mambo ambayo chama hakitayafanya kamwe, hata kikishindwa, hata kikichokozwa. Andika kwa maneno mafupi. Hatutaomba kura kwa asili ya mtu. Vijana wetu hawatamlazimisha mtu yeyote kuvaa fulana, kuja mkutanoni wala kubadili chama. Wazee wa hapa hawajasahau neno *kubohoza*, jinsi miaka ya mwanzo ya tisini vijana wa vyama walivyokuwa wakivamia nyumba na ofisi wakidai wanawakomboa watu kutoka chama kingine. Na mwisho, andika kwamba mwanachama ana haki ya kumkatalia kiongozi anayevunja ukurasa huu, na taja ni kikao gani kitamsikiliza. Ukurasa huu hautakuletea kura nyingi. Uweke mbele hata hivyo.

Ulichokatazwa na ulichobakiwa nacho

Katiba ya Rwanda inakataza chama kujengwa juu ya kabila, ukoo, eneo, jinsia, dini au kitu kingine chochote kinachoweza kuwagawa watu. Usajili uko mikononi mwa Bodi ya Utawala ya Rwanda, RGB, na vyama vilivyosajiliwa hukutana kwenye Jukwaa la Mashauriano la Vyama vya Siasa. Ipo pia sheria ya mwaka 2018 juu ya itikadi ya mauaji ya kimbari, na adhabu zake ni nzito. Rasimu yako isomwe na mwanasheria kabla haijatoka kwenye chumba cha kamati. Nasema hivyo kwa sababu sentensi iliyoandikwa kwa haraka inaweza kumponza mwanachama ambaye hata hakushiriki kuiandika.

Wengi huuona ukuta huo kama kizuizi tu. Tazama basi njia ya chama cha PDI. Kilizaliwa kama chama cha Kiislamu, na ilipokuja katiba ya 2003 kikalazimika kubadili jina. Herufi zikabaki zilezile, lakini I ikaacha kumaanisha Uislamu ikawa ya neno "bora" kwa Kifaransa. Kuanzia siku hiyo chama hakikuweza tena kuwaambia Waislamu wa Biryogo, "sisi ni wenzenu." Kilitakiwa kusema kitawafanyia nini, na kulisema kwa namna ambayo Mkatoliki wa Gikondo naye angelisikia akaona linamhusu. Hilo ndilo swali utakalokutana nalo wewe pia. Ukiondoa asili, ukiondoa dini, ukiondoa mkoa, umebakiwa na nauli, ardhi, chakula cha mtoto shuleni, mahakama, kazi na mshahara. Hayo ni mengi ya kutosha.

Kuna zoezi ninalopenda kulipendekeza. Chapisha rasimu, chukua kalamu nyekundu, zungushia kila mahali penye neno "wao" au "watu fulani". Kisha uliza kila duara linamhusu nani. Likiwa ni ofisi yenye kazi inayojulikana kisheria, andika jina la ofisi hiyo. Likiwa ni kundi la watu, futa sentensi nzima. Nchi hii ilishapata hati ya kisiasa iliyoitwa manifesto, ile ya Wahutu ya Machi 1957, iliyoyafanya malalamiko ya kweli ya maskini kuwa hesabu ya kabila dhidi ya kabila. Maskini waliolalamika walikuwa na haki ya kusikilizwa. Jinsi malalamiko yao yalivyoandikwa ndiko kulikochangia kutufikisha pabaya.

Pima ilani kwa viti

Sasa tazama hesabu bila kujificha. Julai 2024, kwa mara ya kwanza, tulipiga kura ya rais na ya wabunge pamoja. Paul Kagame alipata 99.18%, Frank Habineza wa chama cha Green 0.50%, na Philippe Mpayimana, mgombea binafsi, 0.32%. Kwenye Bunge la wabunge 80, viti vinavyogombewa kwa orodha za vyama ni 53. Wanawake 24, vijana 2 na mwakilishi 1 wa watu wenye ulemavu huchaguliwa kwa njia zao tofauti. Katika vile 53, RPF-Inkotanyi na washirika wake walipata 37, PL 5, PSD 5, na PDI, Green na PS-Imberakuri wakapata 2 kila kimoja.

Ukiwa na chama kidogo, ukweli wako ni viti viwili. Labda vitatu, labda vitano, ukifanya kazi vizuri sana. Lakini fungua ilani nyingi za vyama vidogo, hapa kwetu na kwa majirani, utakuta zimeandikwa kana kwamba mwandishi ataamka kesho ikulu ya Urugwiro: ajira milioni, viwanda kila wilaya, barabara kila kijiji. Serikali tayari ina mpango wake, NST2, wa 2024 hadi 2029, unaolenga ajira milioni 1.25, yaani 250,000 kila mwaka, na ukuaji wa uchumi wa wastani wa 9.3%. Chama chenye wabunge wawili kikiahidi ajira milioni moja na nusu, kimeongeza tarakimu tu.

Kiswahili kina neno ambalo naliona limebeba jibu. Kusimamia jambo ni kulishikilia kama msimamo wako. Na kusimamia jambo ni kulikagua mpaka likamilike. Msimamizi wa ujenzi hasemi tu kwamba nyumba itakuwa nzuri. Anafika asubuhi, anahesabu mifuko ya saruji, anaweka kamba ukutani aone kama umenyooka. Wabunge wawili hawawezi kujenga nyumba ya taifa, lakini wanaweza kuwa wasimamizi wakali kuliko wote. Katiba inawapa maswali ya mdomo na ya maandishi kwa mawaziri, kamati za Bunge, kamati za uchunguzi, na haki ya kuwasilisha mswada. Kila mwaka ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hufika Bungeni, na kamati ya hesabu za umma huwaita wakuu wa taasisi kujieleza. Kwa chama kidogo, ripoti hiyo ina thamani kuliko mabango elfu moja. Isomeni yote, na mchague mambo matatu mtakayoyafuatilia kwa miaka mitano.

Kwa hiyo mbele ya ajira 250,000 za kila mwaka, msimamo wako uwe kwenye kuhesabu. Ni kazi gani inayohesabiwa kuwa kazi? Kijana anayeendesha pikipiki ya mkopo, anayempa mwenye pikipiki hesabu kila jioni, amo humo? Mama anayefukuzwa na besani lake la maparachichi kila siku, amo au hayumo? Chama kinachodai orodha hiyo itolewe wilaya kwa wilaya kimesimama mahali, na mtu anaweza kukirudia baada ya miaka mitano akiuliza: mliipata?

Mambo ya Kigali

Mimi ningechagua mambo manne, si zaidi, na ningeanza na ardhi, kwa sababu jijini hakuna linalowagusa watu kwa kina zaidi. Mgogoro wa Kangondo na Kibiraro, mitaa ambayo watu waliiita Bannyahe, ulidumu kwa miaka. Wakazi wengi walitaka fidia ya fedha, mamlaka ikawataka wahamie nyumba zilizojengwa Busanza. Kesi zikaenda mahakamani, na mwaka 2022 nyumba zikabomolewa. Mtu anaweza kukubali kwamba mitaa ile haikuwa salama kuishi na bado akaona mtu ana haki ya kuulizwa anataka kulipwa vipi kwa kitu alichokijenga mwenyewe. Sheria ya kutwaa ardhi ya mwaka 2015 inasema fidia ya haki ilipwe ndani ya siku 120 tangu iidhinishwe. Basi huna haja ya kuahidi sheria mpya. Ahidi kwamba chama kitakuwa na daftari la kila eneo la Gasabo, Kicukiro na Nyarugenge lililopangiwa kutwaliwa, lenye tarehe ya kuidhinishwa fidia na tarehe ya kulipwa, na siku ya 121 mbunge wako atauliza swali kwa maandishi. Jambo dogo hilo, lakini mtu wa Gatsata au Kimisagara anaelewa papo hapo lina faida gani kwake.

Usidhani sauti haifiki. Sheria ya kodi ya majengo na viwanja ya 2018 iliruhusu kodi ya kiwanja ifike hadi faranga 300 kwa mita ya mraba. Watu walilalamika sana, na sheria iliyokuja 2023 ikaishusha hadi kiwango cha juu cha faranga 80. Kiwango cha zamani nacho kilikuwa kimepitishwa na Bunge hilihili.

Jambo la pili ni basi. Machi 2024 serikali iliacha kulipa sehemu ya nauli iliyokuwa ikiibeba tangu wakati wa korona, na abiria akaanza kuilipa yote mwenyewe. Hapa vyama hupenda kusema "tutapunguza nauli". Kabla hujaandika hivyo, nenda Nyabugogo saa kumi na mbili jioni ukiwa na saa na daftari. Hesabu dakika kati ya basi na basi kwenye njia tatu, siku tano mfululizo. Huenda ukagundua, kama nilivyogundua mimi kwa kusimama tu kwenye foleni hizo, kwamba mtu aliyetoka kazini analalamikia saa nzima aliyosimama kuliko faranga alizotoa. Msimamo wa chama utoke kwenye daftari hilo.

La tatu ni chakula cha shule. Mwaka 2024 Habineza aliwaahidi Wanyarwanda kwamba watakula mara tatu kwa siku. Ahadi ile ilishika vichwani mwa watu kwa sababu ni fupi na inagusa tumbo, na kwa hilo nampongeza. Wanaopenda kuandika kurasa sitini wajifunze hapo. Lakini mbunge anasimamiaje milo mitatu ya kila nyumba? Ishushe hadi ishikike. Shule za msingi za serikali zina mpango wa chakula cha mchana ambao mzazi huchangia faranga 975 kwa muhula, nyingine hulipwa na serikali. Chama kinaweza kusema: mtoto hatanyimwa sahani kwa sababu mzazi hajalipa 975, na kila muhula tutatembelea shule kadhaa jijini na kutangaza tulichokikuta.

Na la nne ni haki ya mtu mbele ya dola, ambalo wengi kwenye kamati yako watataka kuliruka. Mwaka 2024 watu tisa waliomba kugombea urais, na Tume ya Uchaguzi ikawapitisha watatu. Diane Rwigara alikataliwa na Tume kwa sababu za nyaraka na saini. Victoire Ingabire alizuiwa na uamuzi wa mahakama iliyokataa kumrudishia haki zake za kiraia. Unaweza usikubaliane na hao wawili hata kwa neno moja. Bado chama chako kinapaswa kusema kinataka masharti gani ya kugombea, nani ahakikishe saini 600 za mgombea binafsi na kwa njia gani iliyo wazi, na mtu aliyekataliwa akate rufaa wapi na kwa muda gani. Chama kisichokuwa na neno juu ya nani anaruhusiwa kushindana kitapata shida kueleza kwa nini chenyewe kinashindana.

Chama cha Green, kwa yote yanayosemwa juu yake, kinafaa kuchunguzwa hapa. Kilianzishwa 2009. Mwaka 2010 makamu mwenyekiti wake, André Kagwa Rwisereka, aliuawa. Kilisajiliwa Agosti 2013. Mwaka 2015, mjadala wa kuondoa ukomo wa mihula ulipokuwa umepamba moto, ndicho chama kilichokwenda Mahakama ya Juu kuupinga, na kikashindwa. Miaka miwili baadaye Habineza akagombea urais akapata 0.48%, na mwaka 2018 chama kikaingia Bungeni na viti viwili. Sisemi kesi ile ndiyo iliyoleta viti. Siasa haina mstari ulionyooka hivyo. Nasema kwamba mpaka leo, ukimuuliza mtu wa hapa mjini Green walisimamia nini mwaka ule, atakujibu.

Pesa, na kiti cha mezani

Katiba yetu inamtaka anayeleta mswada unaopunguza mapato ya serikali au kuongeza matumizi aonyeshe pengo hilo litazibwaje. Andikeni ilani kwa sharti hilohilo. Bajeti ya 2025/26 ilipopitishwa ilikuwa faranga bilioni 7,032.5. Ukitaka kodi ya VAT ishuke kutoka 18% hadi 14%, jambo ambalo kila muuza duka atalipigia makofi, mstari unaofuata useme utakata wapi au utakusanya wapi. Majirani zetu Wakenya walilipia somo hili kwa damu: serikali iliyoingia 2022 kwa ahadi ya kumwinua mtu wa chini ilileta muswada wa fedha wa 2024 uliojaa kodi, vijana wakajaa barabarani, watu wakafa, na tarehe 26 Juni rais akatangaza kuuondoa.

Kuna kishawishi kimoja ambacho ni cha hapa zaidi kuliko kwingine. Katiba inasema chama chenye wabunge wengi hakiwezi kuchukua zaidi ya nusu ya baraza la mawaziri, na Rais na Spika wa Bunge wasitoke chama kimoja. Kwa hiyo Gertrude Kazarwa wa PL ndiye Spika aliyechaguliwa 2024, akimfuata Donatille Mukabalisa wa chama hichohicho, na Vincent Biruta wa PSD amekuwa waziri kwa miaka mingi. Mpango huu una hekima yake. Nchi iliyopitia tuliyopitia haiwezi kumwachia mshindi achukue vyote. Lakini humfanya kiongozi wa chama kidogo aanze kuiona ilani kama barua ya maombi ya kazi. PSD na PL zilisimamisha wagombea urais mwaka 2010, Jean Damascène Ntawukuriryayo akipata 5.15% na Prosper Higiro 1.37%, lakini mwaka 2017 na 2024 vyote viwili vilimuunga mkono Kagame, huku vikiendelea kugombea ubunge kwa orodha zao. Kama chama chako kitafanya hivyo, ni haki yake. Ila andikeni kabla ya kura, kwa maneno yanayosomeka, ni mambo gani mawili mtakayoendelea kuyadai hata mkiwa na waziri mezani, na waziri huyo atajiuzulu kwa jambo gani.

Andikeni pia viongozi wenu watajinyima nini. TANU ilifanya hivyo Februari 1967 katika Azimio la Arusha: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asipangishe nyumba, asiwe na hisa kwenye kampuni. Unaweza kuona masharti yale yalikuwa makali mno, na yenyewe yalikuja kulegezwa Zanzibar mwaka 1991, lakini mwanachama wa Tabora alijua amshike kiongozi wake kwa lipi. Nchini Rwanda viongozi hutangaza mali zao kwa Umuvunyi, yaani Ombudsman. Chama chako kinaweza kwenda hatua moja mbele, kikasema wagombea wake wote watabandika tamko hilo kwenye ukuta wa ofisi ya chama.

Kuisoma mbele ya watu

Kampeni ya 2024 ilidumu wiki tatu tu, kuanzia 22 Juni hadi 13 Julai. Hakuna muda wa kuwaeleza watu jambo gumu. Ilani iwe na toleo linalosomeka kwa sauti ndani ya dakika kumi, kwa Kinyarwanda, na kwa Kiswahili pia. Hii ni lugha rasmi tangu 2017, na Nyamirambo mtu akisomewa kwa Kiswahili huuliza maswali magumu zaidi. Msomee mtu asiyekipenda chama chenu, kisha mwombe akueleze kwa maneno yake alichosikia. Akikwama, rudini mkaandike upya sehemu hiyo. Umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, si mahali pa kampeni, na msiufanye kuwa hivyo, lakini mazungumzo ya baada ya kazi ndipo utakaposikia mtaa unaumwa wapi. Nenda usikilize, ukiwa na jembe.

Mkishakubaliana, chapisheni ukurasa wa mwisho wa ilani kama jedwali. Kwenye safu ya kwanza weka yale mambo manne. Ya pili iwe jina la mtu wa chama anayelisimamia kila moja, mtu mmoja, si kamati. Ya tatu iwe tarehe: lini atarudi Nyabugogo na saa yake, lini atafungua daftari la fidia, lini atakula chakula cha mchana na watoto shuleni. Ya nne iacheni wazi, na iwe pana kiasi cha kuandikwa kwa kalamu.